Matunda Matano

Mwanachuo wangu alikuwa na sauti inayofika nyuma ya darasa, mwandiko ulionyooka ubaoni, na andalio la somo lililopigiwa mistari kwa rula. Alikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, ile BTP ambayo kila aliyepita chuo cha ualimu anaikumbuka maisha yake yote. Darasa lilikuwa Kidato cha Kwanza cha shule ya kata, wanafunzi 86, wengi wamebanana watatu watatu kwenye dawati la wawili. Mimi nilikaa nyuma kabisa, karibu na dirisha, fomu ya kumpimia magotini. Mada ilikuwa aljebra.

Aliandika ubaoni 3a + 2b. Kisha akafanya jambo ambalo nimeliona kwa walimu wengi, na ambalo mimi mwenyewe nililifanya kwa miaka. Akawaambia wanafunzi kwamba a ni embe na b ni chungwa. "Una maembe matatu na machungwa mawili. Ukijumlisha unapata nini?"

Kimya kidogo. Msichana wa dawati la pili akasimama. "Matunda matano, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Mwanachuo akamwambia akae, akauliza nani mwingine anajua, akapata aliyesema kwamba hayajumlishiki, akampigia makofi, akaendelea na mfano wa pili. Yule msichana akainama juu ya daftari lake. Kipindi kilipokwisha nilipita pale nikaliomba nilitazame. Alikuwa ameandika 3a + 2b = 5ab, na chini yake, kwa mwandiko safi kabisa, maswali mengine manne kwa namna ileile.

Mtoto yule hakuwa amekosea. Mwalimu alimuuliza habari za matunda, naye akajibu habari za matunda. Kwa mtu yeyote aliyewahi kutumwa sokoni, maembe matatu na machungwa mawili ni matunda matano, na hakuna mama atakayemkatalia. Lililokuwa bovu ni swali. Katika aljebra a si embe. Herufi ile imesimama badala ya namba. Ukimwambia mtoto kwamba a ni bei ya embe moja na b ni bei ya chungwa moja, basi 3a + 2b ni fedha utakayomlipa muuzaji, na hapo kila mtoto anaona kwamba huwezi kuendelea mpaka uambiwe bei. Embe ikiwa shilingi 500 na chungwa 200, utalipa 1,500 na 400, jumla 1,900. Sasa chukua ile 5ab ya daftarini: tano mara 500 mara 200. Shilingi laki tano kwa matunda matano. Mtoto akishaona laki tano, huhitaji kumwambia kwamba kuna mahali pameharibika. Atapatafuta mwenyewe.

Niliporudi kwenye benchi langu nilifungua lile andalio lililopigiwa mistari kwa rula. Nilitafuta mahali palipoandikwa mwalimu atafanya nini mwanafunzi akisema 5ab. Hapakuwepo. Nikapekua ya wenzake wawili waliokuwa shule ileile. Hapakuwepo. Na sikuweza kuwalaumu, maana fomu tuliyowapa sisi wakufunzi haikuwa na mahali hapo.

Andalio la somo kila mwalimu wa Tanzania analijua kama anavyojua njia ya kwao. Juu kuna tarehe, kidato, kipindi, muda, na kile kijedwali cha idadi: waliosajiliwa na waliohudhuria, wasichana na wavulana. Chini yake umahiri, lengo mahususi, zana, rejea. Halafu jedwali lenyewe na hatua tano tulizozizoea, yaani utangulizi, maarifa mapya, kuimarisha maarifa, tafakuri na hitimisho, kila hatua na dakika zake, kazi ya mwalimu, kazi ya mwanafunzi na upimaji. Mwisho kabisa, tathmini ya somo na maoni. Mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 umekuja na mabadiliko yake, lakini mwalimu bado anakaa usiku na karatasi akipanga dakika 40 au 80 za kesho.

Lengo mahususi tunawafundisha wanachuo kuliandika kwa kitenzi kinachopimika. Hapo tunatumia ngazi za Benjamin Bloom za mwaka 1956, na mwanachuo anakariri vitenzi kama anavyokariri jedwali la kuzidisha: kutaja, kueleza, kukokotoa, kuchanganua. Si kazi mbaya. Mwanachuo aliyelazimishwa kuandika kwamba ndani ya dakika 80 kila mwanafunzi aweze kutatua maswali manne kati ya matano, angalau amelazimika kujiuliza maswali hayo matano ni yapi. Shida ni kwamba wengi hawajiulizi. Wanachukua zoezi la kitabuni, namba ya kwanza hadi ya tano, wanaendelea.

Hili nalijua kwa sababu lilinikuta mimi.

BTP yangu ya kwanza ilikuwa 1996, mbali na kwetu, shule ya sekondari iliyokuwa na madarasa manne na mti mmoja wa mkungu. Nilipangiwa Kidato cha Kwanza, mada ya namba. Watoto walikuwa wametoka shule ya msingi na MAGAZIJUTO yao vichwani: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Neno tamu, linakaa mdomoni kama jina la mtu, na mpaka leo ukimwamsha usiku mtu aliyesoma darasa la saba nchini atakutajia. Mimi nilikuwa nafundisha utaratibu uleule kwa Kiingereza cha sekondari. Niliandaa usiku kucha. Nilichagua mifano mitano, nikagawa dakika, nikachora chati kwenye karatasi ya manila kwa kalamu za rangi tatu.

Mkufunzi wangu alifika asubuhi kwa basi, mkoba begani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Mzee wa watu, mpole, hakuwa mtu wa maneno mengi. Akakaa nyuma. Nilifundisha dakika 80 bila kujikwaa. Nilipouliza kama wameelewa, darasa lote liliitikia "ndiyooo" ile ndefu. Nikatoa maswali matano. Nikapita kwenye madawati, tiki, tiki, tiki. Wote wamepata. Nikafunga kitabu, nikamtazama mzee, na moyoni nilishahesabu alama zangu.

Akainuka taratibu, akaja mbele. "Umefundisha vizuri, binti," akaniambia kwa sauti ya chini. "Naomba chaki nami niwaulize watoto swali moja."

Akaandika: 20 − 8 + 5.

Mikono ikainuka kama majani ya mahindi. Akamchagua wa kwanza. Saba. Wa pili. Saba. Wa tatu, saba. Akauliza nani amepata saba, na nusu ya darasa, zaidi ya nusu, wakanyoosha mikono kwa furaha. Walifanya kama neno lilivyowafundisha. Jumlisha inatangulia toa. Nane na tano kumi na tatu, ishirini toa kumi na tatu, saba.

Mzee hakusema kitu juu ya jibu hilo. Akawauliza: "Basi limetoka stendi na abiria ishirini. Njiani wameshuka wanane, wamepanda watano. Lina abiria wangapi?" Kumi na saba, wakajibu pamoja, bila hata kufikiri. Akanyooshea kidole kile alichokiandika ubaoni, kisha akawatazama. Nilisikia darasa linavuta pumzi.

Tulikaa ofisini baadaye, yeye na chai yake, mimi na andalio langu. Hakunisema. Aliniomba tu nimwonyeshe maswali yangu matano, moja moja, na kwa kila moja aliniuliza: mtoto anayeamini kwamba lazima ujumlishe kwanza, hapa angepata ngapi? Swali la kwanza lilikuwa 12 + 7 − 4. Kumi na tano, kwa njia sahihi. Na kwa njia yake? Kumi na tano. La pili lilikuwa la kugawanya na kuzidisha, na hapo utaratibu wa MAGAZIJUTO hauleti madhara hata kidogo, maana ukitanguliza kugawanya, jibu linabaki lilelile. La tatu, la nne, la tano. Hakuna hata moja ambamo kutoa kulikuja kabla ya kujumlisha. Nilikuwa nimetunga, bila kujua, mtihani ambao mtoto asiyejua na mtoto anayejua wote wangepata mia kwa mia.

Kisha akafunua ukurasa wa mwisho wa andalio. Nilikuwa nimeshajaza tathmini ya somo. Niliijaza usiku, kabla ya kufundisha, kwa Kiingereza cha kunakili ambacho tulirithishana bwenini: somo limefundishwa na asilimia 90 ya wanafunzi wameelewa. Mzee aliisoma, akaifunika kwa kiganja chake. Akasema, "Hii utaijaza ukishasahihisha." Alinipa alama nzuri siku ile. Nimesahau zilikuwa ngapi. Kile kiganja juu ya karatasi sijakisahau.

Niliporudi chuoni kama mkufunzi, miaka mingi baadaye, nilidhani nitaanza na jambo hilo. Sikuanza nalo. Kazi ilinimeza. Baada ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari wa 2004 shule za kata zilichipuka kila mahali, walimu wa hisabati wakawa wa kutafutwa kwa tochi, na sisi vyuoni tulipokea vikosi vya wanachuo waliotakiwa kwenda darasani haraka. Unamkagua mwanachuo shule hii saa mbili, unakimbilia nyingine saa nne. Fomu ya ukaguzi ina vipengele vyake na kila kipengele alama zake: mavazi, sauti, matumizi ya ubao, zana, ushirikishwaji. Nilikuwa najaza. Ilibidi nikutane na yale matunda matano ndipo nisimame na kujiuliza ninamwandaa nani, na kwa ajili ya nini, wakati kwa miaka mfululizo matokeo ya Kidato cha Nne yalikuwa yakituambia kwamba anayefaulu Hisabati ni takriban mmoja kati ya watano.

Nilichobadilisha kwanza kilikuwa kidogo. Niliwaambia wanachuo wangu kwamba kabla ya kuandika lengo mahususi, kabla ya zana, kabla ya utangulizi, wachukue karatasi tupu na kuandika majibu yasiyo sahihi ambayo wanafunzi watayaleta kwenye mada hiyo, na kwa kila jibu waeleze mtoto alifikiri nini. Nilitaka wazo la mtoto kwa maneno yake, na nilikataa kupokea karatasi yenye "hakuwa makini" au "hajui kanuni". Sehemu: nusu jumlisha theluthi, mtoto akajibu mbili ya tano, maana amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, kama anavyojumlisha alama za majaribio mawili. Desimali: 0.45 ni kubwa kuliko 0.6, maana 45 inaipita 6. Milinganyo: 3x = 12, akatoa 3, akapata 9, maana mwalimu alisema namba ikivuka mstari wa sawasawa hubadilisha alama, na mtoto akaivusha.

Mara ya kwanza walileta karatasi tupu. Si uvivu. Walikuwa wamefaulu hisabati, ndiyo maana walichaguliwa, na mtu aliyefaulu husahau alivyokuwa anaona kabla hajaelewa. Mmarekani Lee Shulman aliwahi kueleza mwaka 1986 kwamba mwalimu ana aina ya maarifa ambayo mtaalamu wa somo peke yake hana, na ndani yake ni kujua kinachofanya mada iwe ngumu na mawazo ambayo watoto huja nayo. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mzee wangu na chaki yake. Maarifa hayo, nijuavyo mimi, hayapatikani kwa kusoma kitabu cha mbinu. Yanapatikana kwenye madaftari. Kwa hiyo niliwapeleka wanachuo shule ya jirani kuazima madaftari yaliyojaa, tukayaweka kwenye meza za ukumbini, na kwa juma zima hatukufanya lingine ila kusoma makosa.

Ilikuwa kazi ya kupendeza kuliko nilivyotarajia. Mwanachuo mmoja aligundua kwamba mtoto aliyepata sifuri katika zoezi lote la desimali alikuwa na kanuni moja tu, aliyoifuata kwa uaminifu tangu swali la kwanza hadi la kumi: penye tarakimu nyingi ndipo penye ukubwa. Aliliinua daftari lile akatusomea majibu yote kumi, akitabiri kila moja kabla ya kulifunua, na akapata yote kumi. Ukumbi ulikuwa kimya. Mtoto aliyeandikiwa sifuri kwa wino mwekundu na neno "jitahidi" alikuwa anafikiri kwa mpangilio kuliko jirani yake aliyepata sita kwa kubahatisha.

Kutoka hapo mazungumzo juu ya kutunga maswali yalibadilika yenyewe. Zamani nilifundisha upimaji kama somo la peke yake, mwishoni mwa muhula: jedwali la kutahini, uzito wa mada, kiwango cha ugumu. Bado nafundisha, na mwanachuo anapaswa kuyajua, maana kesho atatunga mtihani wa muhula na watoto wake watakutana na Upimaji wa Kidato cha Pili wa Baraza la Mitihani. Lakini sasa tunaanza na lile swali la ofisini: mwenye wazo potofu hapa angepata ngapi? Ukitaka kujua kama mtoto anaelewa desimali, usimwulize ipi kubwa kati ya 0.6 na 0.3. Ataipata kwa njia yoyote ile. Mpe 0.45 na 0.6. Ukitaka kujua kama anaelewa kipeo cha pili, usimpe 2², maana mbili mara mbili na mbili kwa kipeo cha pili zote ni nne, na anayezidisha namba kwa kipeo chake atapita mlangoni pamoja na anayejua. Mpe 5². Anayejua atakuletea 25, asiyejua atakuletea 10, na wewe utajua nani ni nani bila kumuuliza mtu kama ameelewa.

Nina neno juu ya hilo la kuuliza kama wameelewa. Nimewakataza wanachuo wangu kabisa. Mtoto wa Kiafrika aliyelelewa vizuri hatamwambia mkubwa wake mbele ya watu kwamba maneno yake hayakueleweka. Ile "ndiyooo" ni adabu. Kuitumia kama kipimo ni kumwonea.

Na kuna suala la lugha, ambalo siwezi kulipita ingawa linastahili makala yake. Mtoto anamaliza darasa la saba akijua kiasi na asili, kipenyo na mzingo. Januari anaingia Kidato cha Kwanza, na kila kitu kina jina jipya la Kiingereza. Mwanachuo wangu mmoja aliuliza kwa Kiingereza tofauti kati ya 15 na 9, na kijana mmoja, aliyekuwa na akili ya kutosha, akajibu kwamba 15 ina tarakimu mbili na 9 ina moja. Alijibu neno alilolisikia. Sasa kwenye ile karatasi tupu ya kabla ya andalio tunaandika pia maneno matatu ya somo yatakayomkwamisha mtoto, na namna tutakavyoyavusha. Sera ni sera, na mtihani wa Hisabati wa Kidato cha Nne watauandika kwa Kiingereza. Lakini mwalimu anayepanga somo bila kupanga maneno yake ameacha nusu ya kazi nyumbani.

Yote haya hayakwenda kama mteremko. Muhula wa pili tu niligundua kwamba wanachuo wananakiliana makosa. Orodha ileile, nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano, ikaonekana kwenye maandalio kumi na mbili, mengine ya mada ambazo hazina sehemu hata moja. Karatasi niliyoianzisha ili waone ilikuwa imegeuka kisanduku kingine cha kujaza. Iliniuma. Nililala na jambo lile siku kadhaa kabla sijakubali kwamba fomu haiwezi kumfundisha mtu kutazama, hata ukiongeza safu. Nikaacha kukagua orodha. Nikaanza kudai ushahidi: kila andalio lije na karatasi tatu za wanafunzi wa kipindi kilichotangulia, na sentensi mbili juu ya kila moja. Asiye na karatasi hana andalio.

Hapo wakaniletea hoja ya haki kabisa. Mkufunzi, darasa lina watoto 86. Nina mikondo mitatu. Nitasahihisha lini?

Sikuwa na jibu la haraka, na nadhani anayelijibu haraka hajawahi kubeba madaftari 86 kwa mikono miwili. Tulichopata tulikipata pamoja. Mwisho wa kipindi, dakika tano, swali moja lililochaguliwa kwa uangalifu, robo karatasi kwa kila mtoto. Hakuna kutoa maksi. Mwalimu anakusanya na kugawa katika mafungu matatu: waliopata, waliokosa kwa kosa lile alilolitarajia, na waliokosa kwa namna nyingine. Robo karatasi 86 zenye swali moja hugawika kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Fungu la kwanza linahesabiwa. La pili linaamua somo la kesho lianzie wapi. La tatu ndilo linalosomwa neno kwa neno, maana humo mna mambo ambayo mwalimu hakuyajua.

Niliwahi kushiriki semina Nairobi, kwenye kituo cha CEMASTEA kilichotokana na mradi wa SMASSE ambao Kenya iliuanza na Wajapani mwaka 1998, na kule nilikutana na walimu wa hisabati waliokuwa wakipanga somo moja watu watano, mmoja analifundisha, wanne wanakaa kutazama watoto badala ya kumtazama mwalimu, kisha wanalifumua na kulipanga upya. Panga, tenda, tazama, boresha. Nilirudi na wazo hilo. Chuoni kwetu wanachuo wanne wanaopelekwa shule moja sasa wanakagua karatasi pamoja jioni, na huyo aliyefundisha ndiye wa mwisho kusema. Nimeona vijana wakikua kwa majuma manane kuliko nilivyokua mimi kwa miaka mitano.

Mwaka jana nilikwenda kuwatembelea wanne wa aina hiyo. Walikuwa wamepanga chumba karibu na shule, umeme ulikuwa umekatika, taa ya simu imeegemezwa kwenye sufuria. Juu ya mkeka walitandaza robo karatasi za siku ile. Mmoja wao alikuwa amefundisha utaratibu wa matendo, na swali la mwisho aliloliuliza lilikuwa 20 − 8 + 5. Nilimpa swali hilo chuoni, naye akalibeba. Fungu la 17 lilikuwa na karatasi 31. Fungu la 7, karatasi 44. Kumi na moja zilizobaki zilikuwa za kila namna: 33 za walioona kujumlisha tu, 12 ya aliyeishia njiani.

Aliyefundisha alikuwa ameinama juu ya karatasi moja asijue aiweke wapi. Akanipa. "Mkufunzi, hii ni fungu gani?"

Mtoto alikuwa ameandika 17. Kisha akaikata kwa mstari mmoja, na pembeni, kwa herufi ndogo, akaandika J kisha T, akachora mshale kutoka moja kwenda nyingine, na chini yake akaandika 7.

Tuliitazama kwa muda. Mwanachuo akasema polepole kwamba huyu alikuwa anajua, akajisahihisha kwa kanuni. Mwenzake akauliza ni wangapi kati ya wale 44 walifanya hivyohivyo kichwani bila kuacha alama. Hakuna aliyemjibu.

Andalio la kesho lilikuwa limeshaandikwa, ukurasa mzima na nusu, limepigiwa mistari kwa rula. Akalichana taratibu, akakunja vipande, akaviweka chini ya sufuria. Akavuta karatasi mpya. Hakuandika tarehe wala idadi ya wasichana na wavulana. Aliandika kwanza, katikati ya ukurasa: basi lina abiria ishirini, wanashuka wanane, wanapanda watano. Akasita, akaniuliza kama aanze yeye kuusimulia mfano huo, au awape watoto ile karatasi iliyokatwa, bila jina, wamweleze wao kwa nini mwenzao alikata jibu lake.

Nilimwambia sijui. Nikamwomba anisogezee taa, tukaanza kufikiri mtoto wa dawati la nyuma atasema nini.